Nilitengeneza muziki wa filamu ya askari mla rushwa, sasa mdogo wangu hakanyagi tena barabara ya Korogwe

Wakuu, poleni na majukumu.

Ninayoandika hapa yamenipata mimi mwenyewe na mengine bado yanaendelea, kwa hiyo majina sisemi, na kituo cha polisi sikitaji hata mnibane vipi. Wale wazee wa "hii chai, umetunga" leo mnipishe, sina mzuka wa utani kabisa.

Mimi ni mpiga kinanda, naishi Handeni. Harusi, send-off, kipaimara, ukiniita nakuja.

Mdogo wangu, tumwite Rajabu, ni bodaboda. Anabeba abiria kutoka huku kwetu kwenda Korogwe, siku nyingine anaenda hadi Kwamsisi.

Sasa kuna kipande fulani cha hiyo barabara ya Korogwe kina askari mmoja. Tumwite Afande. Anakuja na pikipiki yake mwenyewe, peke yake, siku anayojipangia yeye. Ukitoa "ya maji" unapita. Usipotoa, akipekua siti ya pikipiki yako anakuta msokoto wa bangi ambao hujawahi kuuona tangu uzaliwe.

Nisieleweke vibaya, askari wazuri wapo na ninawajua. Huyu namzungumzia huyu tu.

Rajabu aliwahi kumkatalia. Siku hiyo watu walikuwa wengi barabarani, Afande akamwachia. Lakini alimwinamia akamwambia taratibu, "Siti yako kubwa hiyo, dogo. Inabeba vitu vingi. Siku yako ipo."

Tangu hapo nyumbani tukawa tunaishi roho juu. Mama hali chakula cha mchana mpaka asikie Rajabu amerudi.

Bodaboda walikuwa na dawa yao lakini. Ukitoka upande aliko Afande ukakutana na mwenzako, unampigia honi: mbili fupi, unatulia kidogo, halafu moja ndefu. Pi-pi... piiiii. Mwenzako anakata kona, anaingia njia ya panya katikati ya mkonge, anatokea mbele ya safari. Afande anabaki na barabara yake.

Ilifanya kazi vizuri sana hiyo honi, wakuu. Iliwalinda wengi.

Basi akaja director mmoja kijana, anatengeneza filamu ya kusisimua kuhusu askari anayebambikia watu bangi. Kwenye muziki akanichukua mimi. Nilifurahi mno, ilikuwa filamu yangu ya kwanza.

Akaniambia anataka muziki unaomtangulia yule askari. Mtazamaji ausikie kabla hajamwona mtu, aanze kuogopa mapema.

Nikamletea ngoma nzito, akakataa. Nikamletea vinanda vya kulialia, akaniuliza kama kuna mtu anaolewa. Wiki nzima nahangaika, nikiweka hiki anatikisa kichwa, nikiweka kile anatikisa kichwa.

Siku moja nimekaa barazani mchana, bodaboda mmoja akapita akampigia mwenzake ile honi. Pi-pi... piiiii. Palepale nikasimama kuangalia barabarani, nikimuwaza Rajabu.

Nikasema ehee, kumbe muziki wa kuogopesha ninao nyumbani kwangu!

Rajabu aliporudi nikamwomba apige honi yake nirekodi kwa simu. Honi yake ina mkwaruzo, iliingia maji msimu wa mvua haikupona tena, inalia kama mtu mwenye mafua. Akapiga huku anacheka, akaniuliza, "Kaka, na mimi nitakuwa msanii eeh?"

Nikaipunguza mwendo, nikaiwekea besi ya kinanda chini yake, nikampelekea director. Aliruka kutoka kwenye kiti kwa furaha. Akaiweka kila sehemu ambayo askari anakaribia kuingia.

Hapo wala sikuwaza zaidi ya hapo. Namshukuru Mungu kwa mengi, ila siku ile akili aliziweka mbali nami.

Uzinduzi ukawa Jumamosi mchana, kwenye ukumbi mmoja Korogwe. Rajabu hakuja, alikuwa amepata abiria wa Kwamsisi. Bodaboda wenzake walijaa viti vya nyuma.

Taa zinataka kuzimwa, namwona Afande anaingia, sura yake naijua kwa kupita pale nikienda kupiga harusini. Kiraia, kanzu nyeupe, na mke wake na binti yao mdogo. Akakaa mstari wa mbele yangu, akafungua mfuko wa karanga.

Nikajipa moyo, nikasema na yeye ni mtu, kaja kuangalia filamu kama wengine.

Honi ya kwanza ikalia. Kule nyuma bodaboda mmoja, mazoea tu jamani, akapiga kelele, "Ingia mkonge!" Ukumbi mzima ukacheka.

Honi ya pili, wakacheka tena wakapiga na makofi.

Honi ya tatu hakuna aliyecheka, maana walikuwa wameshamwona nani kakaa pale mbele.

Afande aliacha kutafuna. Akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza redio yenye mawimbi mabovu. Akageuka akawaangalia wale wa nyuma mmoja mmoja. Halafu akaniangalia mimi. Nilitamani umeme ukatike. Na ile filamu ilikuwa ina honi nyingine nne mbele, niliziweka mwenyewe, na kila moja najua inalia wapi.

Ilipoisha watu wakaja kunipongeza. Na yeye akaja, akanipa mkono, hakuuachia.

"Kijana, muziki wako umenifundisha kitu," akasema. "Halafu hiyo honi ina mafua. Nimewahi kuisikia."

Akanunulia binti yake soda, wakaondoka.

Nikampigia Rajabu hapohapo, hapatikani. Kwamsisi ukiingia ndani mtandao unasumbua, kila mtu anajua. Nikamtumia ujumbe, haukufika. Nikawaomba bodaboda wenzake, mkimwona Rajabu mwambieni asipite barabara ya Korogwe. Jioni hakurudi, alilala hukohuko. Mama ananiuliza mbona umekunja uso, namwambia kichwa kinauma.

Asubuhi Rajabu akapata abiria wa Kwamsisi anayekwenda Korogwe, mama mmoja wa makamo. Wakaja moja kwa moja.

Karibu na kile kipande akakutana na bodaboda mwenzake, akapigiwa honi. Pi-pi... piiiii. Rajabu akashukuru kwa mkono, akakata kona, akaingia mkonge.

Afande alikuwa amekaa humo, juu ya pikipiki yake, anamenya chungwa.

Yule aliyepiga honi alikuwa ameshakamatwa mapema na kulazimishwa. Simlaumu, na nyinyi msimlaumu.

Yule mama akaambiwa ashuke atangulie kwa miguu. Afande akamaliza chungwa lake, akatoa kitu kimefungwa kwenye karatasi, akakiweka juu ya siti ya Rajabu. Akasema, "Nimeuliza, nimeambiwa mwenye ule muziki ni kaka yako. Filamu yake nzuri. Kuanzia kesho nikikuambia piga, unapiga hiyo honi, wenzako wanaletwa huku kwangu. Hutaki, hiki kitu kinabaki hapo kilipo na tunaenda wote kituoni."

Rajabu alijibu ndiyo, afande. Wewe ungejibu nini?

Kwa kawaida mdogo wangu akifika nyumbani anapiga honi tangu njiani, watoto wake wanatoka mbio. Siku hiyo alizima pikipiki mbali, akaisukuma mpaka mlangoni. Nilimwona uso tu nikajua. Alinihadithia akiwa amesimama, ameshika usukani kama vile bado yuko kulekule.

Mama akasikia yote kutoka jikoni. Akatoka na mwiko mkononi, akasema, "Nyie watoto, kwani muziki wote uliojaa duniani mliuona huo tu?" Halafu akakaa chini akalia.

Rajabu hakunigombeza hata neno moja. Bora angenitukana.

Mchana uleule akaenda kijiweni, akawaambia wenzake honi imekufa, asiiamini mtu tena. Kabla hakujakucha akamchukua mke na watoto, wakaenda Magoma kwa mjomba. Sasa analima mpunga. Pikipiki imefunikwa turubai, na hapigi simu hovyo.

Mtaniuliza kwa nini hatukuripoti. Wakuu, turipoti tukiwa na ushahidi gani? Na Afande ameshajua ninapoishi. Juzi amepita mbele ya nyumba, kasimama, kanipungia mkono, kaondoka. Sikulala.

Nilimwomba director aitoe honi kwenye filamu. Kanuna, lakini kaitoa, kaniletea niiangalie.

Sasa hapa ndipo nilipoishiwa nguvu. Nilidhani bila muziki filamu itapoa. Kumbe wapi! Yule askari sasa anatokea tu. Watu wanakula, wanacheka, ghafla huyu hapa. Hakuna kitu cha kukutayarisha. Niliizima katikati, nikatoka nje kupunga upepo.

Nikakaa barazani. Bodaboda wawili wakaja, mmoja anatoka Korogwe, mmoja anaelekea huko. Wakapishana mbele ya macho yangu. Walitazamana tu. Hakuna aliyempigia mwenzake.

Nikamwangalia yule anayekwenda mpaka akapotea kwenye kona.

Nilichojifunza ni kwamba ukitafuta kitu cha kuwatia watu hofu kwenye kazi yako, uliza kwanza hiyo hofu ni ya nani na inamsaidia nini. Mimi sikuuliza.

Jana director kanipigia. Anataka kuiweka filamu mtandaoni, na anataka honi irudi, anasema ndiyo roho ya filamu. Anasema siri ilishavuja, kuna nini tena cha kuficha? Lakini ile sauti yenye mafua ni ya Rajabu, na Afande anaijua.

Ninyi mngekuwa mimi mngemjibu nini? Semeni, hata kama ni kunichana, nichaneni. Ila tafadhali, mwenye kukijua hicho kipande cha barabara asikitaje hapa.