Jina la Msituni

Baba yangu alikuwa na majina mawili. La kwanza alipewa na babu siku ya saba ya kuzaliwa kwake, na hilo ndilo lililoandikwa kwenye pasipoti yake. La pili alijipa mwenyewe msituni, wakati wa vita vya ukombozi, ili mkoloni asiujue ukoo wake akaenda kuuchomea nyumba. Nchi nzima ilimjua kwa hilo la pili. Redio ililitangaza alipofanywa mkuu wa majeshi, ikalitangaza tena alipopewa uwaziri. Kisha watu wakaanza kulitaja kwa sauti ya chini, pale askari wake walipokuwa wakiwakusanya vijana wa miji ya pwani na kuwapeleka kambini bara, eti wakafunzwe uzalendo. Wengi hawakurudi. Mimi nilibaki na jina la ukoo, ambalo halikumtisha mtu.

Ndilo nililokwenda nalo Riyadh, miaka ile pesa za mafuta zilipokuwa zikimwagika na kila mtaa una shimo la msingi na kreni juu yake. Kafili wangu, tajiri aliyenidhamini, alikuwa na ghala la mabomba kule Al-Sulay, nami nikawa karani wake. Madereva wa kwetu walikula chakula cha mchana kwenye kivuli cha malori, na mazungumzo yao hayakukawia kumgeukia waziri, bila wao kujua kuwa ni baba yangu. Mmoja wao alijua kumwigiza: mwendo wake, na vile alivyosafisha koo kabla ya kutoa amri. Alimpatia hasa. Nilicheka kuliko wote. Jioni nilijichukia, na kesho yake nikaenda kukaa palepale, maana kula peke yako ugenini ni adhabu na mimi si shujaa. Ushujaa wa nyumba yetu aliumaliza baba.

Baadaye kafili alinihamishia Jidda, bandarini, ambako meli zilisubiri zamu ya kupakua mpaka saruji ikaganda ndani ya magunia. Nilipata chumba cha juu ya paa katika nyumba ya Mzanzibari mmoja aliyekuwa Jidda tangu baada ya mapinduzi. Mwenye kauli mle ndani, hata hivyo, alikuwa mama mkwe wake, bibi mmoja wa pwani ya kwetu, ambaye sote tulimwita Bi Mkubwa. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, lakini masikio yalikuwa mazima na ulimi ulikuwa mzima zaidi. Nilipomwamkia tu alijua nimekulia wapi.

"We wa kwetu," akasema. "Yalla, njoo ule."

Nikala. Nilikula mkate wake wa mofa na samaki wake wa nazi kwa miaka miwili, na nguo zangu zilifuliwa pamoja na za wajukuu zake. Katika wiki za mwanzo aliniambia kwamba mwanawe wa pekee wa kiume alichukuliwa na askari wa waziri yule, akalitaja jina la msituni kama mtu anayetema shubiri. Nikasema adhana imekaribia, nikapanda juu. Adhana ilikuwa bado kabisa. Tangu siku hiyo kila alipoanza, "Mwanangu yule…" mimi nilikuwa nimeshasimama.

Mwaka wa pili baba akapiga simu ofisini kwetu kuniambia anakuja hija. Alikuwa ameshavuliwa uwaziri, amekuwa mzee wa tasbihi na bustani ya mihogo. Nikapanga kumtafutia hoteli. Lakini Bi Mkubwa alipata habari, na nyumba ile kila msimu wa hija ilijaa mahujaji kutoka nyumbani, wamelala kwenye mikeka mpaka varandani.

"Baba mtu akalale hotelini na mie nipo? Utanitia aibu gani hiyo?"

Nikasema baba hapendi kelele. Nikasema anakoroma.

"Hakuna hujaji asiyekoroma," akasema. "Halas. Mlete."

Nilimpokea uwanja wa ndege, na njiani, tukipita kwenye majumba ya Al-Hamra, nilimwambia yote: kwamba mwenyeji wake ana mtoto aliyepelekwa kambini na hajarudi. Aliendelea kuyatazama majumba.

"Walipelekwa wengi," akasema. Kisha akauliza, "Ananijua?"

"Hajui."

"Basi tusimtoneshe kidonda."

Nilishusha pumzi. Nakiri kwamba nilishukuru, na nikaiita ile kauli hekima.

Mgeni akapendwa. Aliosha sahani yake mwenyewe, kama alivyozoea jeshini, akatengeneza bomba la jikoni lililokuwa likivuja tangu sijafika. Bi Mkubwa alimtengea minofu ya samaki na kuniambia nimshukuru Mungu kwa kuwa na baba mpole. Kila aliposema hivyo, niliinamia sahani yangu.

Kwetu mtu haendi kuhiji bila kuomba radhi. Akishavaa ihramu husimama mbele ya watu wa nyumba, hujitaja jina, huomba asamehewe, na kila mtu humjibu kwa sauti. Mungu husamehe haki yake, lakini haki ya mja iko mikononi mwa mja. Siku ya kuondoka, baada ya alasiri, tulikaa sebuleni na baba akasimama katikati na zile shuka zake mbili nyeupe. Akajitaja kwa jina la pasipoti, akaunganisha na la babu na la baba wa babu.

"Naomba radhi kwenu," akasema, "kwa ninayoyajua na nisiyoyajua."

Mwenye nyumba akajibu kwamba amemsamehe. Ikafika kwa Bi Mkubwa, naye akacheka.

"Tumejuana juzi, utakuwa umenikosea nini weye? N'shakusamehe, dunia na akhera. Nawe n'ombee huko."

Nikamtazama baba. Uso wake ulikuwa umetulia, uso wa mtu aliyevuka kizuizi cha polisi bila kupekuliwa. Nilimpenda baba yangu, na wakati ule nilimchukia.

"Baba," nikasema, "taja na lile jina lako la msituni."

Chini barabarani basi la mahujaji lilipiga honi. Alinitazama jinsi alivyokuwa akiwatazama askari wake, nikadhani atanipiga kofi. Kisha akalitaja, polepole, herufi zote.

Bi Mkubwa hakupiga kelele. Alipapasa ukingo wa mkeka, akaushika.

"Rudia."

Akarudia.

"Mama," baba akaanza, "hali ya wakati ule…"

"Sikukuuliza hali. Radhi n'shaitoa, na neno langu silirudishi. Nijibu moja tu. Mwanangu mmemzika wapi?"

Baba alifungua viganja. Sikuwahi kumwona akifungua viganja mbele ya mtu.

"Sijui, mama. Sikuuliza."

Bi Mkubwa akatikisa kichwa taratibu, mara nyingi. Honi ikalia tena.

"Nendeni," akasema. "Basi litamwacha."

Nilishuka ngazi na mzigo wa baba begani. Nilikuwa nimemfedhehesha mzazi wangu siku anayokwenda kwa Mola wake, na kumtilia bibi kizee sumu katika msamaha alioutoa kwa moyo safi. Nikajaribu kujiambia nimetenda haki. Haki gani? Mtu wa haki angesema siku ya kwanza, mlangoni, kabla ya kunawa mikono.

Baba alipanda basi, akapata kiti cha dirishani. Nilidhani hatanisemesha. Lakini akainama, macho yake mekundu, akaushika mkono wangu.

"Nitamwombea nikifika Arafa," akasema. "Yule kijana. Nitamwombea kwa jina lake. Anaitwa nani?"

Nikafungua mdomo kumjibu. Basi likaanza kuondoka, naye bado ameinama ananisubiri, na mimi nimesimama barabarani mdomo wazi. Miaka miwili nilikula kwa mama yake, na sikuwahi kumuuliza.