Mama Akikaza Msumeno

Harufu ya ubao wa mninga uliochanwa sasa hivi ikinipata popote, nasimama, hata nikiwa nimevaa viatu vya harusini. Inanirudisha Tandika, kwenye banda la bati alimofanyia kazi mama yangu, fundi seremala pekee mwanamke mtaani kwetu. Nisamehewe, nilijivunia hilo kuliko mtihani wangu wa darasa la nne.

Mashine aliyoipenda zaidi ilikuwa msumeno wa mkanda: utepe mwembamba wa chuma wenye meno, unaozunguka kwenye magurudumu mawili, moja juu, jingine chini. Ukilegea, unakwenda kombo na kuharibu ubao. Ukikazwa mno, unakatika. Mafundi wengine walikaza kwa nguvu za mikono, basi. Mama hakuwa na haraka hiyo. Kwanza alichomoa plagi ukutani na kuichomeka kiunoni, kwenye pindo la kanga, waya ukimfuata nyuma kama mkia, na sisi watoto tukicheka mpaka machozi. Kisha alizungusha kishikio cha kukazia, akaupiga msumeno kwa kidole, akasikiliza mlio, akausukuma ubavuni kwa dole gumba. Ulitakiwa ukubali kidogo tu, halafu ugome. Usipogoma, alianza upya.

Siku moja alikuja baba mmoja aliyeagiza kitanda cha binti yake anayeolewa. Ubao wa kichwani, wenye mawimbi, ulikuwa bado haujakatwa. Mama alikuwa ameinama, dole gumba kwenye msumeno.

“Mama Rehema, si uwashe tu? Sie tunachelewa bwana.”

“Bado haujakaza vizuri, kaka. Nivumilie kidogo.”

Hakuvumilia. Akanyoosha mkono, akabonyeza swichi ya mashine.

Nilipiga ukelele, maana mkono wa mama ulikuwa palepale penye meno. Lakini hakuna kilichozunguka.

“Umeme umekatika?” akauliza yule baba.

Mama akafungua pindo la kanga. “Umeme upo, kaka. Plagi ninayo mie.”

Yule baba akaketi kwenye vumbi la mbao. Mama akamaliza kukaza, akarudisha plagi ukutani, akakata. Mawimbi yakatoka laini, utadhani yamechorwa. Nikasema moyoni, mama yangu haogopi kitu.

Nyumbani aliniambia nimmiminie chai, ila kikombe nisikijaze. Nilidhani amechoka tu.

Nimekuwa fundi sasa, nina karakana yangu Kipawa. Nilipokaza msumeno wangu wa kwanza, nikaikumbuka siku ile na vidole vikanitetemeka. Ndipo nikajua mama aliogopa, tena sana, na kwamba kama ningekijaza kikombe, chai ingemwagika. Juzi nilimuuliza kwa nini alinificha.

“Ningelia mbele yako,” alisema, “ungeigusa tena mashine?”

Nilimjibu ukweli: nisingeigusa.