Binti Yangu Huitika "Abee" na Hakuna Aliyemwita

Mwanangu amepasi! Ni nesi, tena wa leseni! Asalaam aleikum wapenzi wa ukurasa huu, na wasio Waislamu hamjambo. Admin, nifiche jina langu. Ya wengine nimeshayabadilisha.

Mie ni mama wa miaka hamsini na mbili, mkaazi wa Mtopanga, Kisauni. Niliishia darasa la saba, lakini tazameni nilichokizaa! Yunifomu zake nazipiga pasi mwenyewe, mkunjo wake wakata nyanya. Wanafunzi wa unesi wana kikundi chao kwenye simu, mwalimu wao aliwafungulia. Wakitoka wodini kila mmoja husimulia lililomgusa, bila kutaja jina la mgonjwa, na wenzake humuuliza: ulihisi nini, siku nyingine utafanyaje? Wangu ndiye aliyekuwa akipewa mioyo myekundu mingi kuliko wote. Hunisomea huku nakuna nazi.

Siku moja alinisomea kisa cha bibi mmoja mahututi aliyemshika mkono akidhani ni bintiye. "Aliniita kwa jina la bintiye, akaniuliza, kuku washafungiwa? Nikanyamaza. Niliogopa kumdanganya mgonjwa. Akangoja jibu mpaka akakata roho." Mwalimu akamwandikia kwamba hana kosa, ila afikirie, yakitokea tena atafanyaje. Mwanangu akajibu neno moja: "Nitaitika."

Tangu hapo, wallahi, huitika bila kuitwa. Yuaosha vyombo, mara, "Abee, mama!"

"We, sijakuita mimi."

Akaniangalia kama mgeni. "Si wewe, mama. Ni yule bibi. Chausiku, Chausiku, mpaka leo namsikia."

Nazi niliyokuwa nakuna ikaniponyoka. Chausiku ni Mama Faki, jirani yangu, ukuta wetu ni mmoja! Mwanangu hamjui kwa jina hilo. Aliyekuwa akimwita hivyo ni mamake tu, wa Likoni, na matanga yake nilikaa mie. Siku mamake alipofariki, Mama Faki alitoka hospitalini kwa sababu mgonjwa mwenyewe alimsumbua kuhusu kuku wake. Akavuka feri mpaka Likoni, akawafungia. Kurudi, akakuta shuka imeshafunika uso. Mpaka leo hujiliwaza: "Alhamdulillahi, alilala tu. Hakuniulizia."

Kuku wenyewe aliwaleta huku. Wakilia nyuma ya ukuta, mwanangu huacha kula.

Nikimwambia Mama Faki, namvunjia hilo moja alilolishikilia. Kisha atauliza, "Ni nani huyo aliyeshindwa kumwitikia mamangu?" Nikimwambia mwanangu, namjua, atatoka mbio akampigie magoti. Na nikinyamaza, mwanangu ataendelea kumwitikia marehemu, na jibu analolitafuta liko nyumba ya pili: kuku walifungiwa.

Jana Mama Faki akachungulia dirishani kwangu. "Mama Nesi! Biriani ya sherehe ya mwanetu Jumapili niachie mie. Wale kuku wa mama nawachinja wote, na marehemu naye apate dua."

Nikacheka, machozi yakanitoka, akadhani ni furaha. "Machozi hayo," akanitania, "yahifadhi, mgeni wa heshima hajafika!"

Chumbani mwanangu akaitika, "Abee!"

Ndugu zangu, nishaurini, niseme au nimeze? Msikawie kunijibu. Watu wote waja Jumapili, baada ya alasiri.