Tairi la Getini

Kwenye kiwanda cha mbao cha Mafinga nilikokuwa nikiendesha lori, tairi likifa kabla ya siku zake halikutupwa. Liliegemezwa getini, na jina la dereva wake likaandikwa ubavuni kwa chaki. Kila aliyekuja kununua mbao alilisoma. Yangu yalikuwa mawili, yote ya mbele, na chini ya jina langu mtu aliongeza: Mama Breki.

Nilikuwa dereva mwanamke peke yangu pale, kwa hiyo hadithi ilikuwa tayari hata kabla matairi hayajafunguliwa. Eti naogopa mteremko wa Kitonga. Eti nikiteremka na mzigo nakanyaga breki kama naua nyoka, mpaka Ruaha Mbuyuni.

"Kamwene, dada," bosi alinisalimu Ijumaa asubuhi mbele ya wote. "Matairi yangu unayala. Jumatatu lori namkabidhi mwingine. Wewe utabaki hapa kuhesabu mbao."

Kuhesabu mbao! Miaka kumi niliendesha vigari vya watu hadi nikapewa lori lile. Sikuwa tayari kulitema kwa sababu ya chaki.

"Bosi, umeyagusa?"

"Nimeyaona."

"Sijauliza kuona."

Nikamweleza. Breki za hofu hula tairi kwa mabaka, hapa limeliwa, pale zima. Upepo ukipungua, huisha pembe zote mbili. Ukizidi, huisha katikati. Haya yameliwa upande wa ndani tu, la kulia na la kushoto sawasawa, duara zima. Mguu wangu hauwezi kufanya hivyo hata ukitaka.

"Hayo maneno ya mafundi," alisema, akageuka aende zake.

Nikamshika mkono. Sijui ujasiri ule niliutoa wapi. Hapana, najua: ilikuwa hasira. Yule bwana hakuwahi kuuza ubao bila kuupapasa kwa kiganja, na matairi yake mwenyewe hakuwahi kuyagusa.

"Lipapase kama ubao," nikamwambia. "Toka ndani, nenda nje."

Akapapasa. "Laini."

"Sasa rudi."

Akarudisha mkono, akauondoa haraka. Hakuna aliyehitaji kumfafanulia. Ubao ukiupapasa kufuata nyuzi zake ni laini, ukirudi kinyume vibanzi vinakuchoma. Mpira wa tairi lile ulikuwa umechongeka vilevile, kila kijino kimelalia upande mmoja, kwa kuburuzwa kiubavu huku likizunguka.

"Kuna kitu kimepinda huko chini," nikasema. "Na hayo mapya mliyofunga yataisha hivyohivyo, hata akiendesha malaika."

Fundi wetu akaleta uzi. Tukapima nafasi kati ya magurudumu ya mbele, kwanza upande wa mbele, kisha wa nyuma. Mbele palizidi kwa upana wa kidole kizima. Magurudumu yalikuwa yametazama nje, kila moja na njia yake, kama mke na mume walionuniana. Fundi akaingia uvunguni. Akatoka na vumbi usoni.

"Chuma kinachounganisha magurudumu kimepinda," alisema. "Hiki kimegonga kisiki."

Lori langu lilibeba mbao zilizokwisha kupasuliwa, likitoka kiwandani moja kwa moja hadi lami. Visiki viko msituni, Sao Hill. Na lori lile liliingia msituni siku moja tu, Jumamosi niliyokuwa kanisani kwa kipaimara cha mwanangu. Siku hiyo bosi alichukua funguo mwenyewe, akafuate magogo, akisema sisi madereva tunaogopa matope. Wote walikumbuka.

Bosi akatazama kiganja chake. "Haya," akamwambia mlinzi, "yaondoe hayo matairi getini."

Mkuki kwa nguruwe! Jina langu lilikuwa limekaa pale juma zima, watu wakilicheka, na hakuna aliyeona haraka ya kuondoa chochote.

"Yasiondoke," nikasema. Nililowesha ncha ya khanga yangu kwa maji ya bomba, nikafuta jina langu na lile la utani, kisha nikamnyooshea bosi kipande cha chaki. "Desturi ya hapa ni tairi kukaa na jina la aliyeliua."

Nilijua angeweza kunifukuza palepale, lakini mkono sikuushusha. Mwishowe akachukua chaki, akachuchumaa, akaandika jina lake kwa herufi za kusomwa na mchwa.

"Bosi," nikamwambia, "langu lilisomeka toka barabarani."

Akafuta. Akaandika upya.

Jumatatu wateja walilisoma. Mimi sikuwepo. Chuma kilikuwa kimebadilishwa, nami nilikuwa Kitonga, nateremka na mzigo wangu kwa gia nzito, mguu uko mbali na breki.