Amefunga Ngapi?

Juzi, kwenye uwanja wa basketboli Kitale, nilimsikia kocha akimsifu msichana ambaye hakuwa amefunga hata kikapu kimoja. "Huyu ndiye timu," alisema. "Wengine wanamalizia tu."

Nikamkumbuka dada yangu Nekesa. Alasiri moja ya utotoni, kwetu Bungoma, Baba alikuwa anapukuchua mahindi, vumbi lake likinikereketa koo.

"Si mlikuwa mechi? Dada yako amefunga ngapi?"

"Hata moja, Baba. Yeye anapatia tu wenzake mpira." Nilidhani anayefunga ndiye anayecheza.

"Basi aache. Kesho arudi shamba."

Nekesa alikuwa mlangoni, raba mkononi. Aliniangalia mimi, si Baba. Nilifungua mdomo nimtetee, lakini sikuwa na neno. Sasa ninalo, na Baba tulishamzika.