Shangazi wa Watoto Wote

Mimi sidanganywi na mwanafunzi. Ndivyo nilivyokuwa nikijigamba pale ofisi ya walimu, kikombe cha chai mkononi, mwaka wangu wa tatu wa kufundisha Jiografia huku Lushoto. Nimezaliwa Singida, kwenye tambarare, ambako mgeni anayekuja unamwona tangu yuko mbali, na nilidhani macho hayo nimepanda nayo mlimani.

Basi darasani kwangu, Kidato cha Tatu, kulikuwa na binti mchelewaji wa kupindukia. Kila siku anaingia kipindi cha pili, viatu vimejaa tope, daftari kwapani: "Samahani, madam." Nikampa adhabu ya kufagia, nikampa ya kumwagilia maua. Maua yakastawi, yeye akaendelea kuchelewa. Nikaandika barua: aje mzazi.

Akaja shangazi yake. Mama mrefu, mwenye pengo, khanga zake zimepigwa pasi. Akanisikiliza kwa unyenyekevu wote, akasema mtoto huyu tumkanye pamoja, kisha akalia. Akalia kwa jicho moja tu, la kushoto, nami nikaguswa mpaka nikampa leso yangu, na mafua niliyokuwa nayo siku hiyo. Nikarudi ofisini nimevimba kichwa. "Mzazi ndiye yule," nikawaambia wenzangu.

Mwalimu wa nidhamu akaweka chini andazi lake. "Ana pengo?"

"Ndiyo."

"Analia kwa jicho moja?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Kwangu alikuja mwezi uliopita. Ni mama mdogo wa kijana wa Kidato cha Pili."

Mwalimu wa Kemia naye, kutoka kule kona: "Mbona kwangu ni bibi? Na alikuja na kitenge cha kwaya!"

Ofisi nzima ikacheka mpaka chai ikamwagikia madaftari. Mimi sikucheka. Mwalimu wa nidhamu naye alipomaliza kucheka akakunja uso: kuleta mzazi wa bandia ni kosa kubwa. Binti amlete mama yake mzazi Ijumaa kabla ya saa nne, la sivyo aende nyumbani na asirudi.

Nikamwita binti, nikamwambia. Akatazama viatu vyake. Mama yako mgonjwa? Hapana. Amesafiri? Hapana. "Madam, nifukuzeni tu," akasema. Mtoto anayeshika nafasi ya pili darasani, huyo.

Hasira zangu nikazipeleka sokoni. Ilikuwa Alhamisi, siku ya soko, na nilishaelekezwa kwamba huyo shangazi wa dunia nzima anauza mapeasi upande wa juu. Njia nzima napanga maneno: tapeli mkubwa wewe, unaharibu watoto wa watu. Nikamkuta. Sasa, mama huyu ananizidi miaka ishirini, na huku mlimani salamu hairukwi hata kama umekuja kupigana.

"Shikamoo," nikasema, meno nimeyauma.

"Marahaba, mwanangu. Yale mafua yalipona?"

"Yalipona, asante."

Hebu jaribu wewe kumtukana mtu baada ya hapo. Akanivutia kreti nikae, akanimenyea peasi.

"Nimekosa, mwalimu," akasema. "Lakini mtoto anasimama mbele ya mapeasi yangu analia, nifanyeje? Sauti ninayo, Kiswahili ninacho, machozi ninayo. Naenda."

"Mama yake yuko wapi?"

"Yuko shambani kwake, juu huko. Hana habari ya barua yoyote. Mtoto anamficha."

"Anamficha kwa nini?"

"Alishakuja shuleni kwenu, mkutano wa wazazi, binti akiwa Kidato cha Kwanza. Akasimama kusema lake, akasema kwa Kishambaa, maana Kiswahili kwake kinakwama. Mwalimu mmoja akamkatiza: 'Mama, hapa si sokoni. Sema Kiswahili au ukae chini.' Watu wakacheka. Akakaa. Binti yake alikuwa anachungulia dirishani."

Damu ikanichemka. "Mwalimu gani huyo? Nitajie!"

Akafuta kisu kwenye khanga, taratibu. "Si huyu anayekula peasi langu?"

Nilikuwa nimesahau kabisa. Mkutano ulikuwa umerefuka, nina njaa, nikafanya mzaha wangu nikaendelea na maisha. Na mama yangu mwenyewe, kule Singida, akienda hospitali lazima mtu amfasirie. Nikaona aibu, aibu ya kweli, masikio yakawaka moto.

Nikamwomba shangazi anipeleke kwa mama huyo; akamwachia jirani mapeasi yake, tukapanda. Njiani akawa ananifundisha kusalimia kwa Kishambaa. Tulimkuta mama wa binti anang'oa karoti. "Onga mshi," nikasema, tena vibaya, mpaka shangazi akageukia pembeni kuficha kicheko. Mama hakucheka. Alinitambua. Akanyanyuka, akapangusa udongo mikononi, akasema maneno machache.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anauliza, leo aseme, au akae chini?"

Nikakaa chini mimi, palepale kwenye tope, na sketi yangu ya kazini.

Basi akasema. Mguu wake mmoja haubebi tena mzigo, kwa hiyo binti ndiye anayeshusha karoti barabarani kila alfajiri, na haondoki mpaka lori la mboga lipite. "Anayechelewa si mtoto," shangazi akafasiri, "ni lori." Kisha shangazi akajijibu mwenyewe: mbona yeye analingoja lori hilohilo na mapeasi yake, kituo cha chini, njia hiyohiyo ya shule? Mzigo ubaki kwake, mtoto aende zake. Jambo la dakika tano lilikuwa limengoja miaka miwili kwa ajili ya ulimi wangu.

Ijumaa, saa nne kasoro, mama akaingia ofisini akichechemea. Binti akabaki mlangoni. Mwalimu wa nidhamu akaanza, "Karibu mama, ila hapa tutumie..."

"Mwache aseme," nikamkatiza.

Akasema kwa Kishambaa, amesimama, hakuna aliyecheka, mpaka akamaliza yote. Mwalimu wa nidhamu akakuna kichwa, akamgeukia binti, akamwambia aende darasani, kipindi kimeshaanza. Shangazi alikuwa kwenye benchi, safari hii cheo chake mkalimani, na tayari analia. Nikamtazama vizuri, maana sidanganywi mara mbili. Macho yote mawili.