Wageni Hewa Niliwatengeneza Mimi, Anaumia Dada Theresia

Admin, usiweke jina langu wala la loji yetu, maana Karatu ni ndogo na sisi wa mambo ya kompyuta tunajulikana. Nina miaka 27, mtu wa Rombo, sijaoa. Huu ni mwaka wa tatu nasimamia tovuti ya loji moja inayopokea wageni wanaokwenda Ngorongoro.

Kazi hii nilitafutiwa na dada mmoja Mwiraqw wa Qurus, hukuhuku Karatu, tuseme anaitwa Theresia. Yeye ndiye anayepokea maombi ya vyumba. Tunasali kanisa moja. Nilipofika sina hata godoro alinipa chumba cha uani kwake, nikakaa miezi miwili nikila kwake, na watoto wake mpaka leo wananiita anko.

Tatizo lilianza na kupenda sifa, nakiri. Tovuti yetu ilikuwa inasumbua, mgeni anajaza fomu ya kuomba chumba halafu inagoma, na sisi hatujui mpaka mtu alalamike. Nikajifunza kutengeneza mradi wa majaribio ya kujiendesha: programu inafungua kivinjari yenyewe, inajaza fomu kama mgeni, inatuma, kisha inaniletea alama ya kijani kama kila kitu kiko sawa. Kanuni ya kwanza ni kwamba unajaribia kwenye nakala ya tovuti, si kwenye tovuti yenyewe. Kanuni hiyo naijua vizuri kabisa.

Siku ya kumwonyesha meneja, nakala ikagoma kufunguka. Meneja kasimama nyuma yangu na kikombe cha chai, wenzangu wamejaa mlangoni. Nikaona aibu. Nikafuta anwani ya nakala nikaweka ya tovuti halisi, nikijiambia nitarudisha wakishatoka. Kivinjari kikaanza kujiendesha, fomu ikajaa majina ya Kizungu niliyoyabuni na tarehe za Julai, kijani ikatokea, watu wakapiga makofi. Mchana huohuo nikatumwa kambi yetu nyingine kutengeneza intaneti, nikakaa huko wiki nzima. Ile anwani sikuirudisha, na programu nilishaipangia ijiendeshe kila asubuhi.

Basi kila asubuhi naangalia simu, kijani, naendelea na chai yangu. Kumbe kila kijani ni chumba kimoja kimefungwa Julai, na Theresia anakishikilia kwa uaminifu wake wote, maana sheria ya meneja ni kwamba chumba kilichoombwa hakiachiwi bila ruhusa yake. Siku moja tukila makande aliniambia, "Mdogo wangu, wageni wa safari hii hawajibu barua pepe kabisa. Nimewaandikia mpaka nimechoka." Nikamjibu, "Wazungu hao dada, wako likizo. Wavumilie." Nikaongeza pilipili nikaendelea kula.

Julai ilipofika vyumba vikakaa vitupu. Makundi mawili ya wageni wa kweli tulishayakataa kwamba tumejaa, yakalala loji ya jirani. Bahati mbaya mume wa Theresia ni dereva wa hiyo loji ya jirani. Meneja akajumlisha mwenyewe kichwani, akasema Theresia anajaza wageni hewa ili awapelekee kina mumewe biashara.

Jumatatu, kwenye ibada ya asubuhi ambayo wafanyakazi wote tunahudhuria kabla ya kazi, meneja akasoma majina ya hao wageni hewa mmoja mmoja. Kufika jina la tatu nikayatambua. Yalikuwa yale yangu. Theresia akasema kwa sauti ya chini, "Meneja, hawa watu mimi siwajui. Maombi yalikuja kwenye mfumo nikayapokea." Meneja akanigeukia mimi, "Kijana, wewe unajua kuomba. Tuombee, Mungu amfichue anayefanya haya." Na mimi, ndugu zangu, nikasimama nikaomba. Niliomba vizuri hata. Watu waliitikia amina, na Theresia alikuwa analia.

Alisimamishwa kazi siku hiyohiyo. Mimi nimepewa uchunguzi: "Wewe ndiye mtaalamu, chimba mfumo, Ijumaa niletee ushahidi." Ushahidi wote uko kwenye kompyuta yangu. Nikifuta mafaili mawili hakuna atakayejua, maana pale ofisini hakuna mwingine anayeelewa mambo haya. Nikisema ukweli kazi sina, na mama yangu kijijini dawa zake ananitegemea mimi. Hata kosa lenyewe ningeweza kulieleza, mtu husahau. Ninachoshindwa kueleza ni ile sala, kwamba nilikuwa najua wakati naomba. Najichukia.

Jana nilikwenda nyumbani kwake nikiwa nimeshaamua kumwambia. Nikamkuta uani anapukuchua mahindi na watoto. Kabla sijakaa akasema, "Nimesikia wamekupa wewe uchunguze. Nimemshukuru Mungu. Angekuwa mtu mwingine ningeogopa." Akaingia ndani kuniletea uji. Nikanywa wote, nikaaga, nikaondoka bila kumwambia.

Leo ni Jumatano. Matusi nayastahili, lakini naomba yasubiri kwanza. Nishaurini nyie mlio na vichwa vilivyotulia: keshokutwa naingia kwa meneja na karatasi gani mkononi?